Darasa la Jioni, Barabara ya Kumi na Tatu

Jumatatu na Jumatano, saa kumi na mbili na robo,
juu ya duka la spea za baiskeli, Ngamiani,
tuko watu tisa na feni moja isiyogeuza shingo.
Mwalimu Sekiete anafuta ubao kwa kiganja,
dasta iliibwa tangu Ramadhani,
kisha anatangaza, kama anayesoma taarifa ya habari:
leo tunasoma Waingereza wanavyotongozana.

Benchi zote zikanyamaza.
Hata Bi Tunu, ambaye shida yake ni barua za bima tu,
akachomoa miwani mkobani.

Ukimpenda mtu kimoyomoyo, akasema mwalimu,
kwao umepondeka.
Kama nyanya? akauliza Bi Tunu.
Kama nyanya.
Na ukimwona anakuja, unaingiwa na vipepeo tumboni.
Mhina wa bandarini akajishika tumbo:
sisi huku tuna minyoo, mwalimu, na dawa yake ipo.

Aliyekuzidi hadhi yuko nje ya ligi yako.
Kashuka daraja, au kasajiliwa Dar?
Hapana, Mhina. Wewe ndiye hujapanda.

Kuanza maneno na usiyemjua ni kuvunja barafu.
Hapo darasa zima likagoma.
Barafu ya Tanga nani akaivunja?
Unainunua asubuhi soko la samaki,
unaifunika gunia, unaiombea dua njiani,
ukifika Mikanjuni umebeba maji.
Kwetu haivunjwi hiyo. Inangojwa.

Na wawili wakitazamana wakaelewana,
cheche huruka.

Akanyoosha mkono Shekue, fundi wa kuchomelea,
mkono wenye madoa ya moto hadi kwenye kiwiko.
Tangu tuanze hajawahi kusema neno.
Mwalimu, cheche zikiruka hutakiwi kutazama.
Unavaa miwani myeusi.
Ukitazama kwa macho matupu
usiku yanakukereketa kama yametiwa mchanga,
unageuka huku, unageuka kule, hulali.

Mwalimu akashusha chaki.
Ndivyo hivyo hivyo, akasema. Andikeni.

Nikaandika. Sikugeuka.
Mimi nakata tiketi stendi ya Kange,
kutwa nzima nyuso zinanijia kupitia tundu la kioo.
Nimeshaulizwa wewe ni siti namba ngapi.
Nimeshaachiwa chenji makusudi
ili mtu apate sababu ya kurudi.
Jibu langu ni muhuri: pa! Anayefuata.

Tukapewa kazi ya nyumbani:
leteni msemo wa kwetu, muutie Kiingereza.

Jumatano Shekue akasimama.
Nimekufa, nimeoza.
Akaufasiri neno kwa neno, polepole,
kama anayepima bomba kabla ya kulikata.
Mwalimu akakuna kidevu.
Mwingereza ukimwambia hivyo ataita polisi.
Atauliza maiti iko wapi.

Iko hapa, akasema Shekue, akakaa,
akakaa vibaya, benchi likalia.

Hakuna aliyeuliza muuaji.
Bi Tunu alinitazama juu ya miwani yake,
mimi nikaitazama feni,
nikaikuta imesimama; umeme umekatika
na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametambua.

Sasa niseme na hili.
Wiki ile ya nyuma alinichomelea keria ya baiskeli.
Mshono mmoja, mwembamba, umelala kama uzi wa cherehani.
Alisema elfu mbili, nikampa elfu mbili,
noti ya elfu moja, na nyingine ya elfu moja.
Tangu siku hiyo kila tukishuka ngazi ananiambia:
dada Mwanaamina, nina chenji yako,
sijaisahau.

Chenji ya nini?
Mimi, wa Kange, naulizwa habari za chenji!
Ningeweza kumpigia hesabu palepale ngazini.
Sijapiga.
Namjibu, hewala, kaa nayo kwanza,
kisha napanda baiskeli, napita relini,
na keria hailii tena.

Jumatatu kuna mtihani.
La kupondeka nimelishika. La vipepeo nimelishika.
La chenji mwalimu hakulifundisha.